"Naona kimya, kwa hiyo tuko vizuri": binti yangu alivyotolewa kwenye darasa la online

Wakuu, habari za jioni. Mie niliishia form four, sina maneno mengi. Ninachowaletea nimekiona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa juu ya ndoo nje ya nyumba niliyopanga. Mwenye kubisha abishe, ila sijaongeza chumvi.

Mie ni mtu wa kuhamahama. Nimekaa Tunduru, nimekaa Mererani, nikaja Dar nikapanga Keko, Mwenge, Tandika, kisha Keko tena. Miguu yangu haitulii. Sasa nipo Boko, huku bondeni, ambako ukitaka kupiga simu unatoka nje unasimama karibu na tangi la maji la jirani. Kazi bado iko Keko, napiga msasa na vanishi kwenye samani.

Binti yangu Salome, hesabu na Kiingereza vilimwangusha form four. Akaomba arisiti, yaani arudie mtihani, masomo yote. Tukapata kituo kimoja cha masomo ya jioni, vipindi vyote online, ofisi yao ipo Mwenge. Kituo hicho hicho ndicho kingemwandikisha mtihani.

Sharti lao: ukishindwa kutuma kazi mara tatu mfululizo, wanakutoa.

Nikakubali. Simu ni moja, yangu. Nikirudi jioni anaichukua.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho sidhani kama walimu wale wanakijua. Kila mwalimu akimaliza kipindi anasema anawapa kakazi kadogo tu. Wa hesabu, kadogo. Wa Kiingereza, kadogo. Wa bayolojia na wa historia vivyo hivyo. Hakuna anayejua mwenzake ametoa nini.

Na kila hako kadogo unakaandika kwenye daftari, unapiga picha ukurasa mmoja mmoja, unaziunganisha ziwe faili moja, ndipo unatuma. Simu inakwambia nafasi imejaa.

Nilifuta picha zangu zote za Tunduru na Mererani ili asaimenti ya bayolojia iingie. Sina nyingine popote. Na faili lenyewe likapanda nusu, likagoma, bando likaisha.

Enzi zangu tulikuwa na mwalimu wa hesabu, mkali, fimbo haikumtoka mkononi. Ila akimaliza kufundisha alikuwaga anageuka na kututazama usoni. Haulizi kitu. Akiona macho yetu yamekauka, anachukua dasta, anafuta ubao wote, anaanza upya.

Namkumbuka sana siku hizi.

Turudi kwenye mada. Jioni moja mratibu wa masomo aliingia kwenye kipindi. Tulikuwa pale tangini, mie pembeni ya Salome. Akasema uongozi unataka kupima kama kazi zinawazidi wanafunzi, na kama mtandao unawasumbua. Nikamwambia binti yangu, haya mama, leo ndiyo siku yako.

Mratibu akasema, "Anayezidiwa, au asiyenisikia vizuri, awashe maiki aseme."

Picha ikaganda. Mdomo wa mratibu ukabaki wazi kwenye kioo. Salome anaita "mwalimu, mie hapa, mwalimu", sauti haiendi. Nikainua simu juu ya kichwa, nikazunguka nayo tangi zima. Mtandao uliporudi tukamkuta anamalizia.

"Naona kimya. Kwa hiyo tuko vizuri. Asanteni."

Salome akacheka. Na mie nilicheka, niwadanganye nini.

Wiki iliyofuata, kwa kuwa tuko vizuri, wakaongeza majaribio ya Jumamosi. Hapo ndipo alipozama. Kazi tatu hazikufika, na asubuhi moja nikiwa kazini nikaona ametolewa kwenye grupu la darasa. Yaani nimetolewa mie, maana namba ni yangu.

Kabati nililokuwa nalipiga vanishi nililiacha hapo hapo. Nikaenda Mwenge mikono inanuka. Mratibu ni kijana mwenye adabu, akanipa shikamoo, akanivutia kiti. Nikamweleza yote, tangi, simu, bando. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, tuliwauliza wanafunzi. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Mwanangu, aliyekatika angelalamikaje?"

"Angeandika kwenye grupu."

"Kwa mtandao upi?"

Akatabasamu. Akasema wenzake wameweza. Nikaomba basi Salome aje na madaftari yake pale ofisini, kazi zote alizifanya, zipo, wazitazame kwa macho. Akanijibu kwamba hawana utaratibu wa kupokea madaftari. Asubiri awamu ijayo, aanze upya.

Uandikishaji wa mtihani ulikuwa unafungwa wiki ile ile. Vituo vingine nilivyozunguka waliniambia nimechelewa. Mwaka wa binti yangu umekwenda hivyo, wakuu.

Juzi mwenzake mmoja aliyebaki akatuma ujumbe. Mratibu ameuliza tena, na darasa zima limejibu mzigo ni wa kawaida. Nikamsomea Salome, nikasema kwa hasira, lazima waseme hivyo, si ndio waliobaki.

Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

"Baba, hata mie ningekuwa hewani ningesema niko sawa. Nani atasema kashindwa mbele ya wenzake wote?"

Hilo limenikaa kifuani kuliko maneno ya mratibu.

Nilichojifunza ni hiki. Walimu mliomo humu, mkitaka kujua nani kazidiwa, mtafuteni mmoja mmoja, pembeni. Kaeni wenyewe kwa wenyewe mjumlishe hizo kazi ndogo ndogo kabla ya kuzitoa. Na daftari la mtoto lipokeeni, limeandikwa kwa mkono wake.

Wenye watoto wanaorisiti, semeni yaliyowakuta. Anayejua kituo kinachopokea daftari aniambie.

Na wewe ambaye uzi huu unazunguka tu haufunguki, najua upo. Mie sitaandika kwamba huna tatizo.