Nguo Kwenye Kamba

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja hapa Nakuru, nikingoja kompyuta. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akitazama mwongozo wa kidijitali wa majengo ya kihistoria ya Bonde la Ufa. Unabonyeza ramani, picha ya jengo inatokea, na sauti inakueleza. Yeye alikuwa amebonyeza nyumba ya mawe ya setla mmoja, upande wa Subukia, na sauti akaizima.

"Vuta karibu, msichana wangu," alimwambia mhudumu. "Hapo nyuma."

"Mathe, nyuma hakuna kitu. Historia ni hii nyumba ya mzungu."

"Mzungu simtaki. Vuta hiyo kamba ya nguo."

Msichana akavuta. Zikatokea shuka mbili, sare ya shule na ukingo wa paa la mabati.

"Hapo ni kwangu," mama akasema, "kabla ichomwe Januari, kwenye vurugu za uchaguzi. Saa hii tuko kambini."

Msichana akasogeza kiti chake karibu na cha mama.

Nyumba ya setla, nasikia, haikuguswa. Ile ina historia. Huyu mama yeye alikuwa akiishi tu hapo, na kuishi hakuwekwi kwenye mwongozo.

Halafu mvua ikaanza kupiga mabati ya saiba. Mama akaruka kitini, mikono yote miwili ikaenda kwenye skrini kuanua nguo. Ikagonga kioo. Akaketi polepole, akafuta alama za vidole kwa ncha ya leso.

"Zitanyeshewa," akasema.