Mtani Aliposema Kweli

Kompyuta yetu ya mpakato ilikuwa imekufa betri, kwa hiyo haikuondoka karibu na soketi ya chumba cha ndani. Mtandao nao, katika nyumba yetu ya Ipuli, ulishika mahali pamoja tu: dirisha la sebuleni, simu ikining'inia kwenye nondo ndani ya soksi. Hapakuwa na waya wa kufika kutoka dirishani hadi kwenye soketi. Tuliishi kwa ile kadi ndogo iliyomo ndani ya kompyuta, inayonasa mtandao bila waya.

Mdogo wangu wa mwisho, msichana, aliitwa kwenye usaili wa chuo, nao ungefanyika kwenye kompyuta, Jumatatu asubuhi. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili nikashika randa ya useremala. Kati yetu sote, yeye ndiye aliyefika mbali. Lakini programu ya usaili ilikataa mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta yetu. Nikaipeleka mtaa wa Kanyenye kwa fundi mmoja Mzaramo, mtani wangu, maana makabila yetu hutaniana hata msibani.

"Babu zenu walibeba mizigo kwa miguu mpaka kwetu pwani," akanipokea, "wewe unahema kwa kompyuta moja?"

"Walibeba kwa sababu ninyi mlikuwa mmelala mkingoja nazi zidondoke."

Akaifungua, akachungulia. "Mfumo mpya nitakuwekea. Ila kadi yako ya mtandao ni ajuza, mfumo mpya hautaitambua."

"Ajuza ni shangazi yako!"

Tukacheka, akaweka mfumo, nikaondoka. Mtu huyu hakuwahi kuniambia neno la kweli. Hata siku ya kumzika mama alijilaza mlangoni akazuia jeneza, akisema mama hatoki mpaka ampikie ugali kwanza. Wadogo zangu walicheka huku wanalia, na nikampenda kwa hilo mpaka leo.

Nyumbani mdogo wangu aliiwasha, akatafuta mtandao, akatafuta tena.

"Kaka, inasema hakuna kadi."

Nikampigia mtani.

"Si nilikwambia?"

"Nilidhani unatania!"

Nilingoja utani. Akasema tu, "Kesho nakuja."

Jumapili tulipotoka kanisani tulimkuta kibarazani na flashi mfukoni. Alitueleza kwamba kila kadi ina programu yake ndogo, draiva, inayoufundisha mfumo namna ya kuitumia. Waliotengeneza kadi yetu walikuwa wameichoka, hawakuiandikia draiva ya mfumo mpya. Yeye alikuwa amepata ile ya mfumo wa zamani.

Akaiweka. Ikakataa. Akajaribu kwa njia nyingine, ikakataa tena. Mdogo wangu alikuwa anang'ata ukucha.

"Sasa tusiiache kompyuta ichague," mtani akasema. "Tuichagulie wenyewe."

Akafungua orodha, akaonyesha jina la kadi. Likatokea onyo refu la Kiingereza. Mdogo wangu akalisoma, akanigeukia.

"Inasema inaweza kuharibika, kaka."

"Bonyeza ndiyo, mke wangu," mtani akasema.

Nikamshika bega. "Unatania au unasema kweli?"

"Kweli, mtani."

Nikatikisa kichwa kukubali. Mdogo wangu akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikarudi, na pale chini pembeni likaonekana jina la simu yetu iliyokuwa dirishani.

Jumatatu nilisimama nje chini ya dirisha, nikifukuza kuku wasije wakarukia ile soksi. Mtani alitokea bila kuitwa, akasimama nami, naye akafukuza kuku. Tulisikia sauti ya mdogo wangu ikijibu ndani, mwanzo kwa kigugumizi, baadaye kama mtu anayegombana na muuza samaki.

Alitoka mbio.

"Wamenisikia vizuri. Wamenichukua!"

Nilimkumbatia. Mtani akakohoa.

"Basi huko chuoni usiolewe. Draiva ile ndiyo mahari yangu."

Sikucheka upesi. Nilimtazama kwanza usoni.