Betri Juani

Mwaka wa 1979, nyumbani kwetu Koboko, mama alikuwa akisuka makawa ya kufunikia chakula cha arusi ya dada yangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na maumivu ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kila redio ilipotaja vita alikokwenda baba, moto ulimshuka kutoka begani hadi vidoleni, na ukindu ukamponyoka.

Nikaona nimpumzishe. Nilimwambia betri zimekwisha, nikazianika juani juu ya ukuta, kama tulivyozoea kuzianika zipate nguvu.

Siku mbili alisuka vizuri. Siku ya tatu akawa anazitazama betri zaidi kuliko kazi yake. Siku ya tano hakuweza kushika hata kikombe.

"Betri gani hii, mwanangu, haishibi jua?" akaniuliza. "Sema tu. Baba yako iko hai?"

Sikujua. Nilizirudisha betri mbio, na redio ikasema papo hapo, kwa sauti kubwa. Habari za baba hazikuwamo. Mama aliniangalia, akaupakata mkono wake kama mtoto mchanga.

Dada aliolewa huku kawa moja likiwa limesukwa nusu.