Kusomea Mwanga

Kosa lilikuwa langu. Bibi aliniuliza kwa upole leza ni kitu gani, nami, badala ya kusema ni aina ya taa, nikajibu kama ninavyojibu darasani: "Ni mwanga, bibi. Nataka kusomea mwanga."

Kwetu Likoni mwanga ni huo unaoingia dirishani, na pia ni yule mchawi anayecheza uchi makaburini. Bibi alimsikia huyo wa pili. Akavuta tasbihi yake, akaanza kunisomea dua. Kabla ya adhuhuri mtaa wetu wa Bofu mzima ulikuwa na habari kwamba msichana aliyepelekwa chuo kikuu Nairobi amerudi likizo akitaka shahada ya uchawi.

Nilikuwa nimekuja na fomu. Mwaka wa mwisho tulitakiwa kuchagua somo moja: optiki ya zamani, yaani lenzi, vioo na darubini, au fizikia ya leza. Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, alikuwa ameshanichagulia. Alikuwa amezungumza na mwenye duka la miwani mjini, ng'ambo ya feri, na kiti changu kilikuwa kinanisubiri. Lenzi nilizijua, wala sikuzidharau. Lakini nilikuwa nimeiona leza maabarani: nukta nyekundu iliyovuka chumba kizima ikafika ukutani ikiwa bado nukta. Tochi yetu ya nyumbani, hatua kumi tu imeshamwagika. Toka siku ile sikutaka kingine.

Ami alikuja alasiri. Alikuwa amefanya ukarani kwenye mitambo ya umeme ya Kipevu miaka mingi na alijua vizuri tofauti ya mwanga na mwanga, ila kosa la bibi lilimfaa, akalitumia. Alisema nimeitia nyumba aibu, nichague miwani yaishe. Kisha akamwonyesha mama kwa kidevu. Mama alikuwa mkekani akidarizi kofia, kitambaa amekipeleka mbali urefu wa mkono.

"Mamako haoni tundu la sindano," akasema, "na wewe wataka kuchezea taa."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Na kwa kuwa iliniuma, nikakasirika.

"Miwani yapatikana dukani, ami. Mama hakunizaa niwe miwani yake."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Bibi aliacha kuhesabu tasbihi. Nilijua nimepita mpaka, na wallahi sikutaka kurudi. Ami akamgeukia mama, akamtaka amkanye mwanawe.

Mama aliweka kofia chini, akakisukuma kikopo cha sindano mpaka miguuni kwangu.

"Nitungie uzi," akasema.

Nikatunga moja, nikampa. Akaichomeka kwenye mto, akanyoosha mkono tena.

"Na hizo nyingine. Zote. Safari hii utakaa sana huko Nairobi."

Nikatunga moja baada ya moja, ami amesimama pale akinitazama. Nilipofika ya mwisho alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni. Fomu niliijaza papo hapo mkekani, leza, kwa herufi kubwa.

Mama alipata miwani baadaye, ya dukani kama nilivyosema. Na Bofu hadi leo wapo wanaoniita mwanga, tena kwa sauti, nisikie. Mimi huitika, "Abee."