Kuchi Aliyewekwa Ndani

Uweso wa Chumbageni alikuwa akisukuma marobota ya katani kwenye matishari bandarini, mpaka mwaka 1954 robota moja likamvunja mguu. Miezi minne plasta. Ilipotolewa, paja limenywea kama si lake. Nyapara wake, Sadalla, akamtazama anavyochechemea. "Sina kazi ya mguu mmoja," akasema.

Lakini Sadalla alikuwa na ugonjwa wa kupiganisha majogoo. "Lete kuchi wako. Akimpiga wangu, unarudi gengeni. Akipigwa, sitaki kukuona."

Basi Uweso akamshika kuchi wake, jogoo mrefu wa miguu mikavu, akamfunga chubwi, zile risasi za nyavu, kila bawa. Asubuhi anafunga, jioni anafungua, kila wiki anaongeza. Baada ya miezi miwili, ukimpapasa bega unakuta nyama ngumu imejaa. Akipiga bawa, vumbi linatimka ua mzima.

Hapo ndipo alipoharibu. Zilipobaki wiki tatu kabla ya pambano, akamweka ndani. Huku mwali kabla ya harusi huwekwa ndani, hashiki kazi, anakula na kusingwa, anatoka amenawiri. Uweso akaona linalomfaa mwali litamfaa na jogoo. Akatoa chubwi, akamfungia kwenye tenga chumbani, mtama na mafuta ya nazi kila siku.

"Baba Asmahani, na hina je?" Mastura, mkewe, akamcheka. "Somo yake wa kumfunda nani?"

"Nyamaza. Anakusanya nguvu."

Nguvu zipi! Nyama isiyobebeshwa kitu inanywea, ya ndege na ya mtu. Paja lake mwenyewe lilishamwonyesha, asione.

Siku ya pambano jogoo alitoka anang'aa, mzito kama boga.

"Mashallah, bibi harusi!" Sadalla akapiga kelele. Watu hoi kwa kicheko.

Kuchi akaruka mara mbili. Mara ya tatu mabawa yakainuka nusu, yakaanguka. Jogoo wa Sadalla akampanda, akamdonoa mpaka akakaa chini. Kuchi akikaa, kwisha.

Uweso akamwinua, akamminya bega. Chini ya mafuta vidole vikagota mfupa.

"Bwana Sadalla, nipe miezi miwili tu. Kosa langu nimelijua."

"Tulisemaje, Uweso?"

Sadalla hakugeuka hata. Alikuwa anamwosha jogoo wake damu.

Jumatatu genge lilipopangwa getini, nafasi yake alipewa mtu wa Mwera. Uweso hakwenda hata kuangalia.