Msiba Usiotiwa Namba

Pale mtaani kwetu Kumasi, aliyetaka msiba wake upigwe picha za heshima alimwita Owuraku Boadi. Nilishona nguo upande wa pili wa pazia la kibanda chake kwa miaka, namjua: mpole, mbishi, na kompyuta yake aliionea fahari kama mke mpya. Wenzake walibadilisha majina ya picha mojamoja. Yeye alifungua kidirisha cheusi, akaandika mstari mmoja wa amri, na mafaili yote yakapata jina la marehemu na namba kwa mpigo.

Nana Birago alipofariki, bintiye Afrakoma alikuwa amekwama Italia bila vibali. Mama akazikwa yeye hajamwona. Wazee walikataza simu msibani, kwa hiyo picha zilikuwa za Owuraku tu. Afrakoma alipopata vibali na kushuka kwenye ndege, alikuja moja kwa moja kibandani na sanduku lake.

"Nionyeshe mama alivyolala, kaka."

"Subiri dada, nizipange kwanza. Hii moja, hii mbili..."

"Weee! Watu wa msibani unawahesabu? Unataka kifo kijue wa kuanza naye?"

Nilicheka nyuma ya pazia. "Owuraku, umekoma! Mjuzi umekutana na mila."

"Haya, naondoa namba," akasema. "Zote ziitwe Nana Birago, basi."

Akabonyeza. Nikasogeza pazia nikamwona amekauka, mdomo wazi. Mafaili hayawezi kuchangia jina: picha ya pili ilikuwa imeifuta ya kwanza, ya tatu ikaifuta ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Na kadi ya kamera alikwisha kuifuta kwa ajili ya msiba mwingine.

"Imebaki moja," akasema.

Sindano ilinichoma kidole, wala sikuisikia. Mimi niliyecheka! Nilitamani ardhi inimeze.

Picha yenyewe ilikuwa ya mwisho kabisa: turubai, viti vya plastiki, watu wameshaondoka. Afrakoma aliitazama bila kupepesa macho. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Hiki cha mbele, chenye kitambaa chekundu?"

"Chako, dada. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia."

Akakigusa kwa kidole.

"Ningekaa hapa, ningemwona uso?"

Owuraku akaitikia kwa kichwa.