Windo la Hubara Siku ya Vumbi

Mwaka wangu wa tatu Riyadh, kafili wangu, yaani mwajiri mdhamini niliyekuwa namwendeshea gari, alinichukua kwenda kuwinda hubara. Hubara ni ndege wa jangwani, anakaribia bata mzinga kwa ukubwa, rangi yake ni ya mchanga mtupu, na huwindwa kwa kipanga aliyefunzwa. Bosi alikuwa na kibali, hema mbili, wageni wanne, na kipanga jike aliyempenda kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikishika.

Kipanga huyo alitunzwa na Mkenya mwenzangu, mzee wa Garissa. Kwao alichunga ngamia. Alikuja huku kama kibarua wa shamba, na baada ya miaka kumi na miwili bosi hakumwamini mtu mwingine na ndege wake. Tulikaa chumba kimoja mtaa wa Al-Murabba, mimi Mkristo na yeye Mwislamu, tukapikiana. Mkewe alikuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Nchi moja, lakini walionana mara moja kwa mwaka, madam wake akiruhusu.

Siku mbili za kwanza hatukupata kitu. Asubuhi ya tatu upepo ulikuwa wa baridi kali, na upande wa kaskazini mbingu zilikuwa zimeiva rangi ya chai ya maziwa. Mzee alimwambia bosi kwamba hali hiyo si ya kurusha ndege, na bosi akakubali. Lakini baadaye mgeni mmoja aliona nyayo mpya za hubara, vidole vitatu vitatu mchangani, na wageni walikuwa wanaondoka siku hiyo.

"Mara moja tu," bosi akasema. "Yalla, twende."

Mzee akamvua kipanga kofia ya ngozi iliyomziba macho. Hubara alitoka kwenye vichaka akiruka kwa uzito, kipanga akamfukuza, wote wawili wakapotelea juu ya mawe. Kisha vumbi likatufikia. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani na sikuiona boneti. Lilipopungua, mvua ya matone mazito yenye matope ikaanza kunyesha, na kipanga hakuwa amerudi.

Mkiani mwake alifungwa kidude cha redio, na mzee alikuwa na chombo cha kupokea mlio wake. Bosi akatutuma sisi wawili. Tuliufuata mlio hadi ukingo wa korongo kavu, pana kama uwanja wa mpira, ambalo gari lisingeweza kulivuka. Mlio ulitoka ng'ambo. Nilimwambia mzee tungoje mvua ikatike. Akasema ndege aliyelowa haruki, na mbweha hawangoji.

"Wewe kaa na gari," akaniambia. "Washa taa, nione pa kurudi."

Akashuka na koti lake la jeshi kuukuu. Alipofika katikati nikasikia ngurumo, nikadhani ni lori. Yalikuwa maji. Yalikuja kutoka sehemu ya juu ya korongo, ya rangi ya kahawia, yakibeba vichaka na mawe, ilhali pale tulipokuwa mvua haikuwa hata imejaza vidimbwi. Nikapiga honi, sikuacha. Aligeuka, akatazama juu, akaanza kukimbia kuja upande wangu. Nilifungua mlango, nikasimama ukingoni. Maji yalimzoa miguu kama mtu aliyevutwa zulia alilosimama juu yake. Nilimwona mkono, kisha koti, kisha sikumwona.

Sikushuka.

Waokoaji walimpata kesho yake mchana, mbali sana chini ya korongo. Kipanga alikuwa amepatikana jioni ile ile, amekaa kwenye mti wa miiba, mzima. Bosi alilia mbele ya wageni wake, waliokuwa wameahirisha safari, sikuwahi kumwona hivyo. Kisha akafuta uso, akasema, "Halas, yamekwisha. Ni amri ya Mungu." Mzee tulimzika Riyadh baada ya karatasi kukamilika. Mkewe alipewa habari kwa simu, na hakufika.

Wiki iliyofuata bosi alinituma Jeddah na begi la marehemu. Niliendesha mchana kutwa. Madam alimruhusu yule mama kutoka mpaka getini, naye akasimama pale na aproni yake, macho makavu. Nilimpa pole. Akataka nimweleze yote, nikamweleza.

"Ulishuka, shemeji?" akauliza.

"Sikushuka."

Gari likapita barabarani, na lingine.

"Na ndege?"

"Yuko hai."

Akatikisa kichwa taratibu. Alifungua begi pale pale chini, akatoa kanzu, tasbihi, picha ya watoto wao, akaviweka kifuani. Chini kabisa kulikuwa na glavu ya ngozi ambayo kipanga alikuwa akitua juu yake. Akanirudishia.

"Hii ni ya kazi yao," akasema. "Mimi mume niliyeolewa naye hakuwa na glavu."

Madam akaita kutoka ndani. Yule mama akaniambia niende salama, akafunga geti.

Glavu nilimpa bosi. Aliishika muda mrefu. Msimu uliofuata aliponiambia nitayarishe hema, nilimwomba aniachie nihamie kwa mwajiri mwingine. Hakuniuliza sababu. Sasa naendesha basi la wafanyakazi kati ya mtaa wa Batha na viwandani, na mvua ikinyesha abiria hufurahi, hutoa mikono madirishani. Mimi hushika usukani tu.